Mtihani wa Kumuaga Mkaguzi

Ofisi ya Kuthibitisha Uzoefu wa Wageni, kanda ya Thika na Ruiru, ilitangazia umma kwa furaha kubwa kwamba hakuna mtu kutoka ng'ambo angeongezewa kibali cha kuishi nchini kabla ya kuthibitishwa kuwa ameyazoea maisha yetu. Kila mgeni angeandika daftari la mambo aliyoyaona, kisha mkaguzi angemtembelea nyumbani kuhakikisha kwamba mambo hayo yapo.

Mkaguzi ndiye Bwana Gachanja. Kanuni zote hamsini na mbili alizitunga mwenyewe, na Jumatano hiyo alizipenda kuliko siku zote. Saa saba mchana Mkurugenzi angefika ofisini Ruiru kuteua Naibu wake, na Gachanja alitakiwa kuonyesha kitu kimoja tu: fomu ya mgeni aliyekaguliwa hadi mwisho. Tangu ofisi ifunguliwe miaka mitatu iliyopita haikuwa imekagua mtu. Ilikuwa bado inachagua rangi ya faili.

Saa tatu asubuhi akabisha hodi Kiganjo kwa Maxine, Mbelgiji aliyefundisha muziki mtaani hapo kwa miaka tisa.

"Karibu ndani. Chai iko tayari."

"Sikai, madam. Ni dakika kumi tu."

"Najua. Kaa."

Gachanja akalifungua daftari popote, akasoma: *Hapa kwetu mgeni haondoki. Anaanza kuondoka.* Akakunja uso. Huo ulikuwa uchochezi, au ukweli, na kanuni hazikutofautisha. Kanuni ya thelathini ilisema wazi kwamba jambo lenye utata lijaribiwe kwa vitendo mbele ya mkaguzi, na fomu isitiwe sahihi kabla kitendo hakijakamilika.

"Basi niage, nitie sahihi niende."

"Uende wapi na chai haujamaliza?"

Akaimaliza. Saa nne na nusu akasimama. "Haya basi, madam, wacha nikimbie."

"Haya," Maxine akajibu bila kusogea. "Na mama yako, hajambo?"

Mama alikuwa na shida ya goti. Goti lilichukua nusu saa, maana Maxine alitaka kujua lilianza lini. Gachanja aliposimama tena, akaambiwa chapati ziko kwa moto, na je, anataka majirani waseme ametoka hapo na njaa? Hakutaka. Akala tatu.

Saa sita akaingia jirani, Wangeci, akipangusa mikono kwa leso.

"Mtu wa gavumenti anaenda bila maombi? Haki, na vile barabara iko!"

Wakasimama. Wangeci akaiombea barabara, magurudumu, ofisi, wizara na goti, ambalo alikuwa amelisikia kupitia dirisha. Gachanja alisema "Amina" mara nne, na mara tatu za kwanza haukuwa mwisho.

Saa saba kasorobo walikuwa getini, naye ameshikishwa mfuko wa parachichi za kumpelekea mama. Hapo mazungumzo yakaanza upya, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Madam, tafadhali. Si sasa umeniaga?"

"Bado. Lazima tukusindikize hadi stage. Si ulisema kitendo kikamilike?"

Angeweza kutoroka. Lakini bila sahihi hakuna fomu, na bila fomu hakuna unaibu, na kwao walikuwa wameshanunua mbuzi wa kusherehekea. Simu ikalia.

"Gachanja, uko wapi?" Alikuwa Mkurugenzi.

"Nimefika, mkubwa. Niko hapa Kamakis, dakika tano niko ofisini."

Hakuuhesabu huo kuwa uongo. Ulikuwa ni adabu ya simu.

"Kamakis gani?"

"Hapa kwa nyama, mkubwa. Hii side ya bypass."

"Ai! Hata mimi niko hapa kwa nyama tangu saa tano. Hebu inua mkono nikuone."

Gachanja alikuwa ametii amri kwa miaka ishirini na miwili. Akainua mkono. Boda boda nne zikasimama mbele yake.

"Sikuoni," Mkurugenzi akasema huku akitafuna. "Katunge ndiye namwona. Anatukatia mbavu."

Katunge alikuwa karani wa Gachanja. Jioni tangazo likatoka kwamba ameteuliwa Naibu Mkurugenzi, kwa kuonekana kazini. Maxine akapewa kibali cha miaka kumi, maana fomu yake, iliyotiwa sahihi pale stage saa saba na dakika ishirini, ndiyo pekee iliyowahi kukamilika. Na kwa kuwa fomu hiyo hiyo ilionyesha kuwa mkaguzi alishindwa kuondoka kwa watu kwa saa nne na dakika ishirini, Bwana Gachanja akaamriwa kuhudhuria mafunzo ya uzoefu kila Jumatano, miezi sita, huko Kiganjo.

Jumatano iliyofuata akabisha hodi, mkate na pakiti mbili za maziwa mkononi. Maxine akavipokea kwa mikono miwili, akafungua daftari, akaandika alama.

"Umeanza vizuri," akamwambia. "Wiki jana ulikuja mikono mitupu, tukakunyamazia tu."