Mpango Wangu wa Kupunguza Moshi

Jumatatu, 9 Juni

Mama Sia, mkurugenzi wetu, ametuita wote asubuhi. Sisi kazi yetu ni kuhamisha wafanyakazi wa kampuni nyingine, wao na makabati yao, na kuwapeleka kazini kila siku. Sasa mteja wetu mkubwa, kampuni ya mbegu iliyoko njia ya kwenda mji wa Usa, ameandika barua. Anataka tupunguze hewa ukaa kwa moja ya tano. Mtu wao atakuja kukagua Alhamisi ya wiki ijayo. Tukishindwa, wanatafuta wengine.

Godbless, mkuu wa karakana, akasema tuanze kwa kujaza matairi upepo na kuzima injini gari likiwa linasubiri. Upepo! Mtu amesoma chuo, anazungumzia upepo. Nikasimama, nikasema mimi nina mpango mkubwa. Sikuwa nao. Lakini Mama Sia alinitazama kwa matumaini, jambo ambalo sijaliona tangu niajiriwe.

Nyumbani nimejaribu sahihi mpya. Elirehema, Mratibu wa Hewa Ukaa. Inapendeza.

Jumanne, 10 Juni

Mpango umepatikana. Haisi zetu tatu, zile basi ndogo, hubeba wafanyakazi ishirini na saba wa kampuni hiyo. Kosta yetu, basi kubwa kidogo, ina viti ishirini na tisa. Hesabu ya darasa la tatu. Nimechukua ramani na rula, nikaunganisha mitaa ya Moshono, Engutoto na vituo vingine kwa mistari minne iliyonyooka. Mama Sia ameidhinisha.

Mke wangu Nashipae akauliza madereva wa hizo haisi watafanya nini. Nikamwambia sayansi haiangalii sura ya mtu. Hakunimiminia kikombe cha pili cha chai.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya kwanza ya Kosta. Niliamua kuisimamia mwenyewe.

Rula haijui makorongo. Mstari wangu wa pili ulipita juu ya korongo lisilo na daraja, kwa hiyo kila mara ilibidi turudi mpaka katikati ya mji ndipo tushuke tena. Huko Moshono tuliingia kichochoro ambamo Kosta haiwezi kugeuka. Tukarudi kinyumenyume karibu nusu kilometa, dada mmoja wa maabara, Maria, akitembea nyuma kutuelekeza kwa mwavuli. Watu walifika kazini saa tatu na nusu. Walikuwa wameondoka nyumbani gizani, na wawili walikuwa wamelala huku wameegemeana, hawafahamiani.

Haisi zote tatu kwa pamoja zilikuwa zinakwenda kilometa sabini na moja. Kosta peke yake imekwenda tisini na nne. Na inakunywa dizeli kama inalipiza kisasi. Kwenye taarifa nimeandika: changamoto ndogo.

Jioni akaja ofisini mzee Lesian. Ameendesha haisi ya Moshono miaka kumi na tisa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatundika ufunguo kwenye msumari taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

“Mwanangu, kesho nije?” akauliza.

Nikamwambia aje tu.

“Nije kufanya nini?”

Nikajifanya natafuta kalamu, nayo ilikuwa mkononi. Akasubiri kwa heshima mpaka nikachoka kuitafuta, kisha akaaga.

Ijumaa, 13 Juni

Mama Sia amerudisha haisi kwa muda, baada ya wafanyakazi wa kampuni ya mbegu kupiga simu mfululizo. Mimi sijakata tamaa. Nina wazo la pili.

Kesho tunamhamisha Bwana Anaeli, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya mbegu, kutoka Moshono kwenda Oldonyo Sambu, kwenye shamba lao la majaribio. Lori litampeleka mpaka inapoishia lami. Kilometa nne zilizobaki, punda! Punda hana moshi. Nitapiga picha, mkaguzi atalia kwa furaha. Nimeshampigia Sironka, mfugaji wa kule, ana punda sita.

Godbless akaniuliza, kwa upole wake unaoudhi, kama nawafahamu punda. Nikamjibu babu yangu alikuwa na punda. Hakuwa naye. Alikuwa wa jirani.

Nimemwomba mzee Lesian afuatane nasi, apate siku ya kazi. Nilitaka pia nilale vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Mgongo unauma. Heshima inauma zaidi.

Tulipakia vizuri. Godoro, meza, viti, maboksi ya vyombo, kabati lililofunguliwa vipande. Kwa usalama nikaamuru lori litufuate nyuma, pole pole. Likatufuata kwa gia ya kwanza zaidi ya saa mbili, likitoa moshi mweusi ambao upepo wa Meru ulitupulizia sisi na punda bila ubaguzi. Picha zote zina lori. Nimejaribu kulikata, linakatika pamoja na punda.

Punda aliyebeba godoro alifika penye vumbi jembamba, akalala, akagaagaa. Godoro lilikuwa jeupe. Bwana Anaeli alitazama tu. Halafu kufika saa sita, punda wote sita wakaacha njia. Sironka akasema hiyo ndiyo saa yao ya kunywa maji. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikumuuliza punda wanaishije, nilimuuliza wako wangapi.

Wakateremka na vyombo kuelekea kwenye birika la kunyweshea mifugo, mimi nikiwakimbilia kwa viatu vya ofisini. Mzee Lesian, aliyezaliwa huko huko, akapiga mluzi mmoja. Wakasimama. Akawafikia, akashusha boksi lililokuwa linateleza, akanikabidhi mimi. Kisha akazungumza na Sironka Kimaasai na wakacheka sana. Sijui Kimaasai, ila jina langu nalijua.

Sahani saba zimevunjika. Bwana Anaeli akasema ataandika barua. Nikamwomba aandike pande zote mbili za karatasi, kutunza miti. Hakucheka.

Jumanne, 17 Juni

Mama Sia anataka takwimu. Ninazo. Tangu nianze kupunguza moshi, umeongezeka kwa sehemu moja ya kumi.

Nimechora grafu, mstari unapanda kama njia ya kwenda kileleni. Nikaitazama muda mrefu. Nikaigeuza ubavu. Mstari ukashuka! Nimeichapisha hivyo hivyo, kwa rangi.

Karakanani kuna jambo. Tangu jana Godbless na mzee Lesian wanakaa na daftari, wanapima matairi. Upepo tena. Nimewaonea huruma.

Alhamisi, 19 Juni

Mkaguzi, Bwana Joel, ni mtu mtaratibu mwenye miwani. Nikawasilisha grafu yangu. Akainamisha kichwa kushoto. Akainamisha kulia. Mwisho akaigeuza karatasi, kwa sababu namba zote zilikuwa zimelala ubavu. Akaiweka mezani kifudifudi.

Mama Sia akamwita Godbless. Godbless akasema mwenye maelezo ni mzee Lesian. Mzee akaingia na kofia mkononi, akaeleza kwamba haisi zilikuwa zinalala mjini na kila alfajiri zinakwenda tupu kufuata abiria, jioni zinarudi tupu. Sasa zinalala kwenye uwanja wa kanisa huko huko wanakoishi abiria, pana mlinzi, na kila dereva amepewa njia ya jirani na kwake. Matairi yana upepo. Injini inazimwa. Ni siku tatu tu, lakini dizeli imeshuka kwa zaidi ya moja ya tano.

Bwana Joel akauliza alijuaje. Akasema amezunguka na viti vitupu miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mimi ndiye msimamizi wa usafiri. Wa kumuuliza nilikuwa mimi, na msumari wa ufunguo wake uko hatua tano kutoka meza yangu.

Mkataba umeongezwa. Mzee atafundisha madereva wote. Mama Sia akaniita pembeni. “Elirehema, kuanzia leo usibuni kitu kabla hujamuuliza mzee Lesian.”

Nikatoka nje, macho chini. Mzee akanikuta pale, akanishika bega, akauliza kama nimekula. Ningependa zaidi anitukane. Tulikula wote mgahawani, ndizi na nyama, na nikamwomba radhi kwa ile Alhamisi ya ufunguo. Akasema yamekwisha.

Ijumaa, 20 Juni

Mimi ni mtu mpya. Nimejifunza unyenyekevu, na nadhani katika ofisi yote hakuna anayenizidi kwa hilo.

Asubuhi nimepata wazo kuhusu samadi. Ng'ombe wa nchi hii wote wanatoa gesi, na sisi tunanunua dizeli! Nilitii agizo, nikaenda kumuuliza mzee Lesian. Alikuwa katikati ya kufundisha. Sikutaka kumsumbua.

Nikamwandikia moja kwa moja Bwana Joel kwamba ifikapo Agosti mosi haisi zetu zote tatu zitatembea kwa samadi. Amejibu ndani ya saa moja. Amefurahi sana. Anakuja siku hiyo na wakurugenzi wao wote, na mpiga picha.

Nimeshaagiza samadi. Magunia arobaini yanafika Jumatatu, kwenye ule uwanja wa kanisa zinapolala haisi. Kilichobaki ni kidogo tu: kutafuta mtu wa kunionyesha inaingizwa wapi kwenye gari.