Mwenyekiti Asiyejua Udongo

Jumatatu, 14 Julai
Balaa limeingia kijijini kwetu Ikombe kwa njia ya dishi. Asifiwe, mwenye duka, amefunga televisheni ya sola. Wanawake wote wa kikundi cha wafinyanzi wanajazana pale kila jioni kutazama tamthilia. Humo kuna mwanamke anaitwa Nahodha Tekla. Anaendesha boti, anafukuza wazembe, na mtu akijifanya bosi anamwambia: nionyeshe mikono yako.

Leo mke wangu Atupele kaniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi mwenyekiti wao nimewahi kufinyanga chungu. Nikamkumbusha desturi yetu: mama anafinyanga, baba anapakia kwenye mtumbwi na kwenda kuuza soko la Lyulilo. Akasema sawa, Baba Gwamaka. Hiyo sawa sijaipenda. Uchaguzi ni Jumapili baada ya ibada. Miaka tisa sina mpinzani! Hata kiti cha mwenyekiti, kile cha plastiki chenye egemeo, kimeshazoea mgongo wangu.

Jumanne, 15 Julai
Nimezungusha dishi. Wanawake wakafika, wakakuta kioo kina chenga tupu. Furaha yangu ilidumu dakika kumi. Kwa kuwa hawakuwa na Tekla wa kutazama, wakafanya mkutano. Wakateua mgombea wa kushindana nami. Atupele! Mke wangu! Na aliyependekeza ni Angetile, dada yangu wa tumbo moja.

Nikakimbilia dishi nilirudishe upesi. Sikukumbuka lilikuwa limeelekea wapi.

Jumatano, 16 Julai
Fundi Eliya kalirudisha dishi, akashangaa upepo gani huo uliofungua nati. Mimi nimeamua kumchunguza adui. Nikaketi nyuma, juu ya gunia la mchele. Leo mabaharia walimtoroka Tekla katikati ya maji. Akatengeneza injini peke yake, mvua inamnyeshea, halafu akarudi kuwachukua walewale waliomtoroka.

Nimelia. Nilisema ni moshi wa jiko. Asifiwe akasema hajawasha jiko tangu asubuhi.

Sielewi. Nampenda sana mwanamke huyu, na sitaki wa namna yake nyumbani kwangu hata mmoja. Halafu Atupele akageuka kuniangalia, na macho yalikuwa yaleyale ya Tekla. Sasa sijui nimeoa nani.

Alhamisi, 17 Julai
Nimeelewa! Tekla anafanya kazi ya wanaume, anaheshimiwa. Basi nami nikifanya kazi ya wanawake, je? Nimechota udongo wa Atupele kimyakimya na kufinyanga chungu nyuma ya banda la nguruwe. Kimeegemea upande mmoja kidogo, lakini ni chungu.

Hawa wanawake huanika vyungu kivulini siku nyingi. Kupoteza muda! Changu nimekianika juani tangu asubuhi, saa tisa kilikuwa kikavu kwa nje. Kesho wanachoma. Nitakichomeka katikati ya vyao, na Jumapili nitakiinua mbele ya watu wote. Mnataka mikono? Mikono hii hapa.

Ijumaa, 18 Julai
Walipofumba macho kuombea moto, nikakisukuma ndani ya nyasi zilizofunika vyungu vyao. Wakawasha. Kidogo tu, puu! Ikafuata nyingine, na nyingine. Kumbe chungu chenye unyevu kikiingia motoni hupasuka na kuvunja jirani zake. Kila mwanamke hapa anajua hivyo. Mbona hakuna aliyeniambia?

Vyungu kumi na kimoja vimevunjika, vyote vya soko la kesho. Angetile akaokota kigae chenye alama ya dole gumba, akasema hapa kijijini hakuna mwanamke mwenye dole kama muhogo. Atupele hakupiga kelele. Aliwaambia wote waliokuwepo waonyeshe mikono. Ni mimi tu niliyekuwa nimeitia mifukoni.

Bibi Marta, mkongwe wetu, alikuwa amechuchumaa akiunganisha vipande vya chungu chake kikubwa, kana kwamba vingeshikana. Hilo limeniuma. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumapili, 20 Julai
Atupele kura ishirini na tatu. Mimi moja. Nilitegemea mbili, maana Angetile ni dada yangu.

Mwenyekiti mpya kakaa kwenye benchi na wenzake. Kiti changu kapewa Bibi Marta. Azimio la kwanza: Lazaro, yaani mimi, aponde udongo mpaka vyungu kumi na kimoja virudi. Nikasema ndaga fijo, asanteni sana. Ningesema nini? Jioni Atupele kaniwekea chakula, kaniambia bila hasira kwamba nikitaka kweli kufinyanga atanifundisha, ila nianze na kusubiri: chungu kikae wiki mbili kivulini, bila kukigusa. Ameniambia vizuri mno. Nimechanganyikiwa zaidi.

Jumatatu, 21 Julai
Nimeponda udongo kutwa. Nimetafakari sana, na kosa nimeliona. Chungu kilikuwa kidogo mno, kisingeweza kuhimili moto wa wanawake wote wale. Na hizo wiki mbili ni mbinu yao tu ya kunichelewesha.

Nimefinyanga kingine nyuma ya banda. Kikubwa mara tatu. Chini bado kinalowesha kidole, lakini moto utamalizia. Ijumaa wanachoma tena.