Makochi ya Nyumba Isiyo na Msingi

Leo uso wangu nimeuacha benki, College Park. Msinitumie pole kwanza. Someni.

Wengi humu kwenye kikundi mnajua kwamba mimi na mume wangu, Baba Neema, tulipata kiwanja huko kusini, ukishapita Temple Hills. Tunataka kujenga huku huku Amerika. Si kununua nyumba iliyokwisha kujengwa na mtu mwingine. Kujenga, kwa ramani yetu wenyewe, na jikoni ambamo mtu anaweza kukaanga samaki bila king'ora cha moshi kuwaamsha majirani.

Tulipompata mkandarasi, mzee mmoja mpole, hakuzungumzia matofali wala mbao. Alisema, "Kabla sijaleta tingatinga, nendeni mkapange pesa zenu." Akatueleza. Malizeni madeni madogo madogo. Wekeni akiba pembeni, maana nyumba ya kujengewa haijawahi kuishia kwenye bei iliyoandikwa. Msiache kazi mlizonazo. Na mpaka benki ikubali mkopo, msichukue deni jipya, hata la kijiko.

Hilo la kijiko nililibeba mimi. Nikawa askari wa nyumba. (Mnaonijua hamtashangaa.) Baba Neema ni mtu wa Moshi, mtaratibu, hana maneno mengi. Kadi yake ya mkopo niliitumbukiza kwenye bakuli la maji nikaigandisha kwenye friza. Viatu vyake vya kazi vilipoanza kufungua mdomo nikamwambia gundi ipo kabatini. Kanisani nikaombwa niwafundishe akina mama habari za nidhamu ya pesa. Nikafundisha. Walipiga makofi.

Sasa, katikati ya hayo yote, kulikuwa na jambo dogo.

Siku moja nilishuka treni Wheaton nikitoka zamu. Nyinyi mnaolea wazee kwenye makao yao mnajua miguu inavyokuwa ukitoka zamu. Nikaingia duka la samani ili nikae tu. Nikakaa kwenye kochi la ngozi, la kona, rangi ya chai ya maziwa. Ukutani wameandika kwa herufi kubwa: chukua leo, usilipe hata senti mpaka mwakani. Nikasoma mara ya kwanza. Nikasoma mara ya pili nikiwa nimeinua miguu. Nilipotoka dukani nilikuwa nimeshatia sahihi ya seti nzima ya makochi.

Kichwani mwangu hilo halikuwa deni. Deni ni kitu unacholipa. Hiki silipi mpaka mwakani, na mwakani nitakuwa ndani ya nyumba yangu, nimekikalia. (Hesabu hiyo niliiamini kabisa. Nililala usingizi mzuri.)

Kwetu ghorofani hakuna nafasi, na nilitaka Baba Neema ayakute kama ajabu siku ya kuhamia. Nikaomba rafiki yangu Nyambura wa Temple Hills anihifadhie makochi kwenye gereji yake. Lori la duka likaja, likashusha makochi nje, likaondoka. Mume wa Nyambura alikuwa kazini. Kwa hiyo Nyambura akampigia simu nani aje kubeba? Baba Neema. Alikwenda, akabeba, akarudi nyumbani ameshika kiuno.

"Wale watu wana pesa," akaniambia.

"Ni deni lile," nikamjibu. "Ndiyo maana wao hawatajenga."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Basi leo tukaenda benki kuomba mkopo wa ujenzi. Baba Neema kavaa suti. Mimi nimevaa lile gauni la Pasaka. Afisa wa mikopo ni mama mmoja Mmarekani, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alitupokea vizuri. Akaangalia mishahara, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaangalia akiba, akasema tumejitahidi. Nikakaa sawasawa kwenye kiti, nikangoja kusifiwa zaidi.

"Ila kuna akaunti moja mpya ya mkopo," akasema. "Imefunguliwa majuzi tu. Ni ya duka la samani."

Nikamgeukia Baba Neema. Msiniulize kwa nini. Neno akaunti halikunigusa hata kidogo. Mimi sikuwa nimefungua akaunti. Mimi nilichukua makochi.

"Baba Neema," nikamwambia kwa Kiswahili, polepole. "Umenunua nini?"

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine hapa? Kumbe ile kadi uliiyeyusha."

"Mama Neema, mimi sijanunua hata soksi."

Nikamrudia yule mama kwa Kiingereza changu cha mbele za watu. Nikamwomba radhi. Nikamwambia mume wangu ni mtu mzuri ila kwa upande wa matumizi ana udhaifu, na jambo hili tutalimaliza nyumbani, ikibidi mbele ya mchungaji.

Yule mama akatazama karatasi. Akanitazama mimi. Akatazama karatasi tena, nadhani kwa huruma.

"Bibi," akasema, "akaunti iko kwa jina lako. Duka la Wheaton."

Kiyoyozi kilisikika vizuri sana.

Nilimwona Baba Neema anafikiri, na yeye akifikiri huwa hana haraka. Kisha akauliza, "Yale ya kwa Nyambura?"

Nikafungua mkoba wangu, nikaufunga.

"Niliyoyabeba mimi?"

"Ndiyo."

Akashika kiuno.

Afisa akauliza kwa upole tunazungumza nini. Baba Neema akamtafsiria. Yote. Hakuruka neno, hata ile habari ya kadi kwenye friza. Yule mama akavua miwani, akakohoa kwa muda mrefu, akaomba samahani, akatoka kidogo kwenda kunywa maji.

Aliporudi alitueleza vizuri. Hatujakataliwa. Ila kwa deni lile, kiasi watakachotoa hakitoshi kujenga nyumba iliyoko kwenye ramani. Tulimalize, tuifunge akaunti, tungoje rekodi yetu ya mikopo isafishike, turudi baada ya miezi kadhaa. Maana yake msingi hautamwagwa kabla ya baridi kugandisha ardhi. Nyumba ni mpaka ardhi iyeyuke mwakani. Hapo ndipo kweli niliumia.

Tukaenda moja kwa moja Temple Hills kuyarudisha makochi dukani. Nyambura akafungua mlango, akaniona, akashusha macho. Makochi hayakuwa kwenye gereji. Yalikuwa sebuleni, nailoni imetolewa, na juu yake amelala mama yake mzazi, aliyefika kutoka Nyeri wiki hii, amejifunika leso.

"Ningemkalisha wapi?" Nyambura akaninong'oneza. "Kwenye kiti changu kile kilichovunjika?"

Mama akaamka, akafurahi kutuona. "Karibuni, wanangu. Ketini, ketini, msiogope, ni ngozi lakini haina shida." Tukaketi. Akatushika mikono, akasema mtoto wake amebarikiwa sana Amerika. Kisha akafumba macho akatuombea, mimi na Baba Neema, kwamba Bwana asitusahau, na sisi pia siku moja atupe viti kama hivi.

"Amina," akasema Baba Neema. Sijamsikia akiitikia kwa sauti kubwa hivyo tangu tufunge ndoa.

Tukanyweshwa chai. Jikoni Nyambura akaniambia hawezi kumwinua mama yake pale, kwa hiyo yeye na mume wake watayanunua, wanipe pesa zote, mimi nikalilipe duka na akaunti ifungwe. Tukakumbatiana.

Garini Baba Neema akawasha injini, akakaa kidogo.

"Yanakalika vizuri, lakini," akasema. Halafu akaanza kucheka, na akacheka mpaka akazima injini tena.

Yeye ninamruhusu. Nyinyi wengine, kabla hamjanicheka, kila mtu ainuke kwanza ahakikishe kwamba kiti alichokalia kimeshalipiwa.