Gemu la Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu kumi na wanne, na wote niliwaalika mwenyewe. Naandika haraka haraka, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Mnajua miezi saba nimejifungia chumbani natengeneza gemu. Fupi, dakika kumi tu. Halina bunduki, halina mpira, halina hata maneno. Unafika kwenye nyumba, mwenyewe hayupo, unaingia, unatazama vitu vyake kimoja kimoja mpaka unajua yeye ni mtu wa namna gani. Hadithi inasimuliwa na vyombo! (Siku nilipolipata wazo hilo nililia. Msiniulize.)

Sasa kwetu Ufukoni mwenye kauli ni mjomba, kaka yake mama. Alishasema: "Nitaliangalia hilo gemu lako. Likiwa la kipuuzi, unakwenda shamba, Mpapura, kupalilia mikorosho." Ndiyo maana leo mchana nikaazima kibanda umiza cha rafiki yangu pale Chikongola, kile cha kuonyeshea mpira, nikaunganisha kompyuta na luninga kubwa, nikaita watu, mama na mjomba nikawakalisha benchi la mbele.

Akaanza mama mdogo. Kuna kitufe cha kupiga hodi, nilikiweka kama pambo tu. Akapiga hodi mara tatu. Kimya. Akageuka, akaondoka zake. Gemu likaisha. Sekunde ishirini!

"Mbona hukuingia, mama mdogo?"

"Niingie nyumba ya watu sijakaribishwa? Mimi nimelelewa."

Akaja jirani. Hodi tatu, huyoo! Akaja mwalimu mstaafu, yeye akamkalisha mtu wake wa kwenye gemu barazani amsubiri mwenye nyumba. Dakika nane! Watu wazima tunatazama mtu amekaa! Miezi yangu saba yote iko ndani na hakuna anayetaka kuvuka kizingiti. Adabu zenu zimeniudhi, nasema kweli.

Mjomba akapiga miayo, akaanza kutafuta viatu. "Kumbe mpwa wangu umetengeneza mlango."

Kibanda kizima kikacheka. Hasira zikanipanda. Nikamnyang'anya mwalimu kibodi (Mungu anisamehe). "Hakuna mtu humo! Tazameni!" Nikaingia sebuleni. Nikaingia chumbani. Watu wakaanza kusogeza mabenchi mbele. Nikajiona mtaalamu hasa, nikainama nikachungulia mvunguni mwa kitanda.

"Simama hapo hapo," mjomba akasema. "Hilo sinia la maua mekundu, ukingo umebonyea. Umelitoa wapi?"

Hapo ndipo akili ikanirudia. Mimi kuchora sijui. Vitu vyote vya kwenye gemu nilivipiga picha chumbani kwa mama.

Mjomba akamgeukia mama. "Dada, si uliniapia kwamba sinia la mke wangu lilipotelea kwenye harusi ya Somoe?"

Mama alikuwa ananitazama mimi.

Nikataka kuzima. Mjomba akanishika mkono, akachukua kibodi mwenyewe. Mzee ambaye hata namba za simu huwa nambonyezea mimi, akaipekua ile nyumba kona zote! Nyuma ya pazia akakuta chupa yake ya chai. Mama mdogo naye akaiona mbuzi yake ya kukunia nazi, akaruka: "Ingia na stoo! Ingia na stoo!" Hodi zote zimemwishia.

Mwisho mjomba akanipa mkono. Gemu ni zuri, akasema, lina ukweli mtupu, na mikorosho niisahau. Nikafurahi kama dakika tatu hivi, mpaka tulipotoka nje.

"Kesho alfajiri unakwenda Mpapura," mama akasema.

"Lakini mama, mjomba amesema..."

"Mjomba ana kwake. Wewe unalala kwangu."

Hivi kosa langu ni lipi? Sinia niliazima mimi?

Tafadhali asicheke mtu. Na kama mvunguni kwenu kuna chombo cha watu, kirudisheni kabla mtoto wa nyumba hiyo hajajua kompyuta.