Mafuriko Yangu ya Mwezi wa Sita

Leo nimeumbuka mahakamani, Ruangwa, mbele ya hakimu, bibi yangu na mabenchi mawili ya watu waliokuwa wakisubiri kesi zao. Nawasimulia wenzangu wa kikundi chetu cha waandishi hapo Nachingwea kabla hamjasikia kwa mtu mwingine.

Babu alipofariki aliacha shamba la mikorosho kule Mandawa. Bibi ndiye aliyelipalilia miaka yote. Mdogo wake babu, Mzee Issa, akaenda mahakama ya mwanzo kudai ni lake. Siku ya kusikilizwa, mwezi wa sita, bibi hakutokea. Hakimu akasikiliza upande mmoja, shamba likaenda kwa Mzee Issa. Ilibaki njia moja tu: bibi aombe uamuzi ule utenguliwe, na aeleze kwa maandishi kwa nini hakufika. Sababu isipotosha, mikorosho imekwenda.

Nani aandike? Ukoo mzima ulinigeukia mimi. (Riwaya mbili, zote hazijachapishwa. Lakini wao hawakuuliza.)

"Bibi, siku ile ulikuwa wapi?"

"Andika nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani?"

"Mume wangu," akasema (huniita hivyo, ni utani wetu wa bibi na mjukuu), "wewe mwanamume. Andika shughuli, basi."

Niliona haya kwa niaba yake. Mtu anapokonywa shamba, halafu aseme alikuwa na shughuli? Nikajifungia chumbani, nikaandika kurasa sita. Nikauleta mto. Nikaeleza maji yalivyopanda alfajiri, mekundu, yakibeba magogo, na bibi amesimama ng'ambo na kanga yake imelowa, akiitazama njia ya kwenda Ruangwa. "Maji yalinguruma kana kwamba yameapa haki isivuke." Sentensi hiyo nilijisomea mara nne.

Bibi akaweka dole gumba. "Umeandika shughuli?"

"Imo ndani, bibi." (Haikuwemo.)

Leo asubuhi hakimu, kijana mpole wa miwani, akafungua maombi yetu. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akafunua wa pili. Akarudi wa kwanza. Nikajua amenogewa.

"Nani ameandika haya?"

Nikasimama upesi kuliko ilivyohitajika. "Mimi, mheshimiwa."

"Tusomee ukurasa wa tatu. Kwa sauti."

Nilisoma, na nilisoma vizuri, hilo halinyang'anywi na mtu. Nilipandisha sauti, nikaishusha. Nilipofika kwenye haki isivuke nikanyamaza kidogo, kama tunavyofanya kwenye usomaji wetu.

"Mto huo ulifurika mwezi gani?"

"Wa sita, mheshimiwa."

Kisha mama mmoja wa benchi la nyuma akasema, "Mwezi wa sita? Si tulikuwa tunaanika ufuta?"

Jirani yake akaongeza, "Mto wenyewe mwezi wa sita unafukua mchanga ndo upate maji ya kunawa."

Watu wakaangua kicheko. Karani akaficha uso nyuma ya jalada.

Hakimu hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akamwambia bibi kwamba mahakama haitengui uamuzi wake kwa sababu ya uongo. Nilikuwa nimeitoa mikorosho ya bibi kwa sentensi moja nzuri.

Bibi akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mheshimiwa, Kiswahili changu kidogo, mimi Mmwera. Mto siujui. Huyu nilimwambia aandike shughuli. Mwezi wa sita shule zimefungwa, watoto wa kike wanachezwa unyago. Kungwi wao ni mimi. Kungwi akiingia ndani na wali wake hatoki mpaka siku ya kuwatoa. Ya ndani siyasemi. Hapa wanaume wamejaa."

Karani, mwanamke wa hapahapa, akawa anaitikia kwa kichwa muda wote.

"Una shahidi?" hakimu akauliza.

Bibi akamwonyesha Mzee Issa. "Huyo. Mwali mmoja ni mjukuu wake. Aliniletea jogoo wawili mwenyewe, asubuhi ya siku hiyohiyo ya kesi."

Mzee Issa akakohoa. "Jogoo nilileta, mheshimiwa."

"Halafu ukaja hapa kusema hujui shemeji yako yuko wapi?"

"Niliulizwa kama amefika. Nikasema hajafika."

Benchi la nyuma likapata kazi nyingine ya kucheka.

Uamuzi ukatenguliwa. Shauri litasikilizwa upya kabla ya msimu wa korosho, na mpaka hapo Mzee Issa haruhusiwi kuokota hata bibo. Kurasa zangu zikaondolewa kwenye jalada. Karani akamwandikia bibi maombi mapya palepale, mstari mmoja: alikuwa kungwi unyagoni. Mimi akanirudishia bunda langu. "Mto wako huu, kaka."

Nje bibi hakunigombeza. Alitembea mpaka kwenye bodaboda, ndipo akasema, "Mume wangu, tukifika unisomee ule mto mpaka mwisho. Mtu mwenyewe hajavuka bado."

Kwa hiyo sikilizeni. Kurasa sita ninazo na sifuti hata nukta. Atakayenicheka tukikutana, namletea maji mpaka mlangoni, mwezi wa sita huohuo.