Ndoo Isiyopewa Kitu

Jumatatu, 3 Machi
Nimekabidhiwa ndoo. Ndoo! Mimi niliyefika kidato cha pili na kuacha kwa hiari yangu (na ya mwalimu mkuu). Daktari wa Maji, si wa sindano, kachota maji ya ziwa la chumvi lililopakana na bahari, kajaza ndoo nne. Anatafuta ni chakula gani huvifanya vijimea vinavyoelea humo, vidogo hata jicho halivioni, vizaane mpaka maji yawe kijani. Ndoo ya kwanza katia nitrojeni. Ya pili fosforasi. Ya tatu vyote viwili. Ya nne? Patupu. Ndiyo yangu!

Tatu zenye shibe kapewa Kalamu, kijana mwenzangu anayelala na kalamu sikioni. Kacheka mpaka ikaanguka. Wiki ijayo Daktari anaajiri mmoja wetu. Shangazi, mfagizi wa maabara hii, aliyeniombea nafasi, kasema nikiikosa nakwenda kwa mjomba kupakia mkaa. Sipakii. Naandika kwa wino: sipakii!

Jumatano, 5 Machi
Ndoo ya tatu ya Kalamu inaota rangi. Yangu nyeupe, unaweza kunawia uso. Nikamuuliza Daktari mbona yangu inalazwa njaa. Akasema, mwanangu, hiyo ndiyo muhimu kuliko zote, ni ya kulinganishia. Kunibembeleza huko! Asiyepewa chakula ndiye husifiwa umbo.

Ijumaa, 7 Machi
Mlinzi ana bustani. Bustani ina gunia la mbolea. Mlinzi ana usingizi. Vijiko viwili tu! Kisha nikaona nisiwe bahili, nikaongeza kinyesi cha kuku, kiganja kizima. Nikakoroga kwa rula ya Kalamu. Mganga hajigangi? Mimi najiganga.

Jumatatu, 10 Machi
KIJANI! Kinyonga angeona haya. Ya Kalamu imebaki kushangaa. Mwenyewe katoa kalamu sikioni, kairudisha, kaitoa tena. Nikampa pole, nikamwambia kuna watu wana mkono, kaka. Akasema kweli, na mkono wenyewe unanuka kuku. Wivu huo!

Daktari kaja mbio, kainua glasi juani, kasema haiwezekani. Kapigia simu wakubwa zake. Kaniuliza nimefanyaje. Nikasema ni malezi tu.

Jumanne, 11 Machi
Unyoya. Mmoja! Daktari kauona chini ya hadubini, unaelea kati ya vijimea kama mtumbwi.

Hakufoka. Heri angefoka. Kakaa juu ya ndoo aliyoipindua, kasema haikuwa mashindano, mwanangu. Yako ingebaki tupu, tungejua zile nyingine zimenenepeshwa na nini. Sasa hatujui lolote, siku nane zimemwagika. Nikalalamika sikuambiwa. Daktari kasema aliniambia mara tatu. Kalamu kasema nne.

Kazi kaipata Kalamu. Shangazi kanikunjia nguo zangu. Hapo nikanusa mkaa. Nikampigia Daktari magoti, na mimi si mtu wa magoti. Kanionea huruma: nioshe ndoo zote nne, kesho jaribio linaanza upya. Likienda sawa, nabaki kuwa mwosha vyombo. Sharti moja: maji matupu. Sabuni mwiko, maana mabaki yake nayo ni chakula cha vijimea. Kanitaka nilirudie kwa sauti. Nikalirudia.

Jumatano, 12 Machi
Nimeamka kabla ya jogoo. Ndoo zinameta, ungedhani za harusi! Ila maji matupu, kwa uvundo ule? Daktari mwenyewe ni mpole, anaogopa kumaliza sabuni ya watu. Nikajitolea paketi nzima ya sabuni ya unga ya shangazi. Sikusuuza sana, harufu nzuri isipotee. Povu kidogo limebaki pembeni, linapendeza.

Kalamu keshazijaza maji mapya. Daktari kapita, kanusa, kauliza nani kajipulizia manukato. Muungwana hajisifu. Acha matokeo yatoke, wataniulizia wenyewe!