Skrini Nyeusi ya Qabale

Ngumbao alikuwa na pua ya kunusa mashine mbovu. Mtu akiipiga kompyuta kofi popote pale mjini Garsen, yeye kule alikokaa na chai yake alilisikia, akaacha hamri nusu sahanini. Asubuhi ile kofi lilitoka kwenye saiba ya Qabale, duka lake la kompyuta na kopi, likafuatwa na jingine.

Akajifuta mdomo, akachomeka bisibisi kwenye mfuko wa shati, akavuka barabara. Tumpe haki yake jamani: hakukuwa na fundi aliyevaa bisibisi ikampendeza kama yeye. Kuitumia ni habari nyingine.

"Salaam aleikum, dada. Naona una mgonjwa."

"Waaleikum salaam, fundi. Mgonjwa kweli." Qabale alikuwa mwanamke wa sauti ya pole, kama mtu asiye na haraka na dunia. "Taa inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi tititi. Na kadi zote za harusi ya Rachael, binti wa pasta, zimo humo ndani. Harusi ni Jumamosi. Kadi zisipotoka, mlango huu naufunga. Nani tena ataniletea kazi?"

Ngumbao akaweka sikio juu ya sipiyu, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Ungedhani anasikiliza moyo wa bibi yake.

"Madabodi imepanda presha," akatangaza. "Hapa siwezi kuifungua, vumbi litaimaliza. Lazima niende nayo karakana."

Karakana hiyo ilikuwa mahali pamoja na cheti chake cha ufundi, yaani hakuna ajuaye. Kichwani mwake sipiyu ilikwisha kufika Minjila, kwa Abdinur anayenunua vyombo vilivyotumika, na yeye alikwisha kupanda gari la Malindi. Tatizo lenyewe, kwa hesabu yake? Kebo imelegea tu. Siku zote huwa ni kebo.

"Ichukue," akasema Qabale. "Lakini mimi ni mtoto wa wafugaji, tena wa Chewele. Kwa marehemu baba, mtu akimtoa ng'ombe wako wa maziwa zizini akamtibu, anakuachia wake umkame mpaka wako arudi. Watoto wasilale njaa. Hiyo laptopu begani mwako, niachie."

Ngumbao alijizuia asicheke. Laptopu ile ilikuwa na mstari mwekundu katikati ya skrini, na namna alivyoipata haikumtoa jasho hata tone.

"Mila ni mila, dada," akasema, akaiweka mezani kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kisha akapakia sipiyu kwenye tuktuk, akatoweka.

Kule Minjila, Abdinur aliiunganisha mashine, akabonyeza. Nyeusi. Akabadilisha kebo. Nyeusi. Akaleta monita nyingine, nzima, iliyokuwa ikionyesha mpira muda ule ule. Nayo ikawa nyeusi.

"Ndugu yangu," akasema Abdinur, "mimi sinunui mnyama aliyelala. Msimamishe kwanza, halafu tuongee. Meza ile pale. Chai natoa mimi."

Basi hapo ndipo palipoingia msiba. Tangu ajiite fundi, Ngumbao alikuwa ameahidi kutengeneza mashine nyingi sana, na hakuna hata moja iliyowahi kumdai kweli. Angeweza kuiacha na kwenda zake. Lakini laptopu ameiacha Garsen, mnunuzi amesimama mbele yake, na tamaa ilikuwa imeshamkalisha kitako.

Akafungua mfuniko. Akatoa memori, akaisugua meno kwa raba ya penseli kama alivyowahi kuona watu wakifanya, akairudisha. Nyeusi. Akang'oa ile betri ndogo ya duara, akangoja mpaka chai ikapoa, akaipachika. Nyeusi. Akampigia simu kijana wa Malindi aliyesoma kazi hiyo kihalali, akavumilia kuchekwa, akafuata alichoambiwa. Nyeusi bado. Ngumbao alitokwa na jasho lililokuwa halijamtoka tangu enzi za shamba la mpunga la mjomba wake, ambalo alilitoroka.

Alasiri, tochi mdomoni, akachungulia ndani ya ule mfereji memori inapokaa. Kulikuwa na udongo. Nyigu, mdudu asiye na haya, alikuwa amejenga nyumba mle chini kabisa, chumba na sebule.

Akaanza kuchokoa kwa kijiti cha meno. Akachokoa, akapuliza, akachokoa, akamtukana nyigu na ukoo wake. Na kwa kuwa memori ya zamani ilikuwa imeungua ukingoni, akatoa nyingine mfukoni mwake. Iliingiaje mfukoni? Tusiulize. Akaipachika, akabonyeza.

Ikalia pi.

Skrini ikafunguka, na humo mna maua, utepe, na jina la Rachael kwa herufi za dhahabu. Ngumbao akacheka kwa sauti. Alifurahi jamani, alifurahi kweli kweli, furaha ambayo wizi haujawahi kumpa. "Abdinur, njoo uone! Imesimama!"

Abdinur akaja, akaona, akampa mkono. Kisha akaenda mlangoni, akapiga simu, akaongea Kiorma upesi upesi. Ngumbao akajua anaagiza pesa.

Iliyokuja ni tuktuk, na ndani yake Qabale. Nyuma yake akashuka mwalimu Nehemiah wa Ozi, amekumbatia laptopu ile ya mstari mwekundu.

"Ahsante, fundi," akasema Qabale, akikaa mbele ya kompyuta yake. "Abdinur ni shemeji yangu. Kinachopotea Garsen hupita kwake kwanza."

Ngumbao akaitua bisibisi mezani. "Kwa hiyo ulijua."

"Mafundi wa kweli nimewaita kutoka Hola na Malindi. Wote waliigusa kidogo, wakasema imekufa, ninunue nyingine. Mtu mwaminifu husema ukweli na kwenda zake. Nikasema, hapa nahitaji mwizi. Mwizi aliye na mnunuzi hakati tamaa." Akazitazama zile kadi, akatabasamu. "Na laptopu yako nikaiweka pale mbele, kama tunavyomfunga ng'ombe aliyepotea apate kutambuliwa. Kila aliyeingia nikamuuliza. Mwalimu alikuja kutoa kopi za mtihani, akaijua ni yake."

"Uliniambia umeipeleka Nairobi," akasema mwalimu, bila ukali. "Ikalazwa. Nikawa nakupigia kuulizia hali."

Ngumbao akatazama mlango. Abdinur alikuwa bado amesimama hapo, na Abdinur si mtu mwembamba. Akaangalia chini. Aliona aibu, na ilimshangaza kwamba bado anayo.

"Sasa, fundi," akasema mwalimu Nehemiah, akiifungua laptopu kifuani mwake, "kuna huu mstari mwekundu. Leo nimesikia unaweza. Hebu utazame."

Ngumbao akanyoosha mkono.

"Hapana," akasema mwalimu, akirudi hatua nyuma. "Utazame kutoka hapo hapo. Mikono weka nyuma."

Ngumbao akaweka mikono nyuma, akainama, akatazama kwa makini sana.

"Ni kebo," akasema. "Imelegea tu."